Hodi ya Mama Mdogo

Sauti ya kwanza ya kompyuta niliyoisikia maishani mwangu ilitoka kwenye redio kaseti. Ilianza na mluzi mrefu, ikageuka mvua ya mawe juu ya bati, kisha ikakwaruza kama kijiko kinachoparua ukoko wa wali. Mama mdogo alikuwa amepiga magoti mkekani, kidole mdomoni.

"Shii! Inasoma."

Tukanyamaza, watoto wote wa mtaa tuliojazana sebuleni kwake, kwa adabu ileile ya madrasa. Tulikuwa tumefundishwa kwamba anayesoma hasumbuliwi.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu, tumbo moja. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwetu, Temeke, na alikuwa mpiga chapa katika shirika la umma mpaka siku mashirika yalipoanza kuuzwa na wapiga chapa wakaambiwa wakapumzike. Mumewe alikuwa baharia. Safari moja, wakati ule maduka yalipoanza kujaa tena sabuni na vitenge baada ya miaka ya foleni, alirudi na kitu cheusi, chembamba, chenye vitufe vya mpira, kikubwa kidogo tu kuliko kitabu.

"Wewe si mpiga chapa?" alimwambia mkewe. "Nimekuletea taipureta isiyotaka karatasi."

Ilitaka televisheni. Bahati nzuri walikuwa nayo, ya kuangalizia mikanda ya deki, maana Bara tulikuwa bado hatuna kituo hata kimoja. Ikachomekwa nyuma ya televisheni, redio kaseti yenye kaseti ya gemu ikachomekwa ubavuni mwake, na baada ya ile mvua ya mawe kwisha, kioo kikafunguka na vyombo vya angani vikaanza kushuka. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba furaha inaweza kuwa na rangi nne tu.

Sisi tulicheza. Mama mdogo alifanya zaidi. Alikaa na kile kitabu kilichokuja na mashine, mchana baada ya mchana, wakati maharage yanachemka, akajifunza kuiamrisha. Na alipojua kuiamrisha, hakutengeneza meli wala vita. Alitengeneza rede.

Kila msichana aliyekulia Dar anaijua rede. Wawili wanasimama huku na huku, wanarushiana mpira wa soksi kwa shabaha ya kumpiga wa kati. Wa kati anakwepa, na katikati ya kukwepa anachota mchanga na kujaza chupa. Mpira ukikugusa, umetoka. Chupa ikijaa, wewe ndiye malkia wa mtaa mpaka magharibi. Mama mdogo aliiingiza yote ile ndani ya televisheni: msichana mwenye gauni la pembetatu, mpira wa mraba kwa sababu mashine haikujua duara, na pembeni chupa iliyopanda mchanga punje kwa punje. Ukishinda, kioo kilimeta na maneno mawili yakatokea: CHUPA IMEJAA. Kisha mashine ililia milio mitatu, ya kupanda, kama mtoto anayeita mama yake aje aone.

Rede ilihifadhiwa kwenye kaseti mbili. Moja ilikufa kifo cha heshima.

Jirani yetu aliozesha binti, akaja kuazima kaseti za taarabu. Mama mdogo alimpa boksi zima bila kuangalia. Siku ya shughuli, kinamama wamejaa uwanjani, sare zimewaka, fundi mitambo akatumbukiza kaseti na kufungulia sauti mpaka mwisho. Mluzi ukatoka. Ikafuata mvua ya mawe, kwenye spika nne. Watoto walipanda mwembe. Bibi mmoja alianza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti ya kushindana na spika. Na katikati ya zile sare nikamwona mama mdogo anakimbia na gauni lake refu kalishika mkononi.

"Zima! Zima! Hiyo gemu yangu!"

"Gemu?" mwanamke mmoja alidakia. "Kama gemu ndiyo inalia hivyo, mwenyewe akifungwa inakuwaje?"

Tulicheka mpaka pilau ikapoa. Lakini kesho yake jirani alirudisha kaseti ile akiwa ameishika kwa ncha za vidole, ameifunga kwenye leso safi. "Nimekusafishia, shoga," alisema kwa upole. "Ilikuwa na kitu ndani. Nimerekodia kaswida juu yake."

Mama mdogo alimshukuru. Angemwambia nini? Mtu amekuombea dua kwa nia njema, huwezi kumdai gemu. Basi Rede ikabaki kwenye kaseti moja tu.

Miaka ikaenda, tukarefuka, watoto wa mtaa wakahamia kwenye vibanda vya gemu mpya zenye picha kama sinema. Mashine ya mama mdogo ilizeeka. Ikishika moto, picha ilitetemeka, ikageuka theluji, ikapotea. Alikuwa anaiwekea barafu, zile za kwenye vimfuko vya plastiki zinazouzwa kwa watoto, juu ya kisahani, kisahani juu ya mashine, kama anavyokandwa mgonjwa wa homa. Kila msimu barafu ilisaidia kidogo kuliko msimu uliopita. Na mie nilijua alichokuwa anakihofia, kwa sababu alikisema siku moja huku anafuta maji ya barafu kwa upindo wa kanga: "Siku ikizima moja kwa moja, itakuwa kama sikutengeneza kitu. Nani atajua?"

Hapo ndipo ilipokuja intaneti.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kama kila aliyesubiri matokeo nilikuwa nasoma kozi ya kompyuta. Kafe ya kwanza ya mitaa yetu ilifunguliwa Chang'ombe, chumba cha duka kilichopakwa rangi ya samawati, mashine tano, feni moja, na televisheni kwenye kona iliyokuwa inavuta watu wengi kuliko mashine zote. Jumamosi moja niliandika jina la kompyuta ya mama mdogo kwenye kisanduku cha kutafutia. Nilitegemea kupata hewa. Nikapata watu.

Nilikimbia njia nzima kurudi Temeke. Nilimkuta kakaa barazani anachambua mchicha.

"Shikamoo ma'mdogo! Kuna watu wana mashine kama yako. Wako nchi mbalimbali, wanakutana kwenye intaneti, wanazungumzia gemu za zamani tu kutwa nzima."

"Marahaba. Watu wazima?"

"Watu wazima. Wengine wana vipara, nimeona picha."

"Wanakutana wapi hasa?"

Nilijaribu kueleza nikashindwa. Nikapiga kiganja kwenye saruji tuliyoikalia. "Ni kama hapa. Ni baraza. Ila kila mtu amekaa kwao."

"Na mpita njia akitaka kukaa?"

"Anakaa. Wameandika kabisa, juu kule mwanzo: tuko wengi tunaosoma, wachache tunaoandika. Wewe unayesoma kimya kimya, tafadhali sema nasi."

Mama mdogo aliacha mchicha. "Masikini," alisema. "Wanaita watu."

Lakini hakuwa mtu wa kuingia kwa watu hivihivi. Alikuwa na hofu ya lugha. "Nimepiga chapa barua za Kiingereza mpaka vidole vikaota sugu," aliniambia, "hakuna hata moja iliyokuwa yangu." Nikamwambia aandike chochote, hata salamu tu, wale watu wanaanza kuzungumza kwa neno lolote. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwapia.

Jumamosi iliyofuata tukaenda pamoja. Kijana mwenye kafe, ambaye kila mteja alimwita braza hata wazee waliomzidi umri, alimvutia kiti akampa shikamoo. Nilimfungulia ukurasa, nikamwonyesha pa kuandikia, kisha nikasogea mlangoni, maana mtu anayejikaza kusema na wageni hapendi kukaliwa begani. Vidole vyake viligusa vitufe kidogo sana. Mara akasimama.

"Tayari?"

"Tayari. Tungoje."

Jumamosi ya pili alirudi, akaangalia, akagusa vitufe kidogo, akasimama. Jumamosi ya tatu vilevile. Safari hii alipotoka alijifunga ushungi vizuri, akatembea mbele yangu mpaka tulipofika kwenye mfereji.

"Basi, mwanangu. Imetosha."

"Imetosha nini?"

"Mara tatu. Ama hawapo, ama wapo hawataki. Mtu mwenye adabu akishafika mara tatu anarudi kwao."

Sikumwelewa. Nilidhani amekata tamaa kama watu wanavyokata tamaa, nikaanza kumbembeleza, akanikatiza kwa mkono. Jioni ile alitoa kisahani juu ya mashine, akakiosha, akakirudisha kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Niliona uchungu kuliko kama angelia.

Wiki nzima nilikuwa na hasira na vile vipara. Jumamosi nikaenda kafe peke yangu, nimejiandaa kuwatukana kwa Kiingereza cha kidato cha nne. Nikafungua ukurasa. Nikatafuta alichoandika mama mdogo.

Alikuwa ameandika: "Hodi."

Chini yake, wiki ya pili: "Hodi."

Na chini yake, ya tatu: "Hodi."

Basi. Hakuna Rede, hakuna kaseti, hakuna jina. Mama mdogo alikuwa amesimama kwenye mlango wa dunia, amegonga mara tatu kama alivyolelewa, akangoja aambiwe karibu ndipo aseme shida yake. Na hakuna aliyemwambia karibu, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba kuna mtu mlangoni.

Ila hawakuwa wamenyamaza. Baada ya ile hodi ya tatu walikuwa wamejibu, tena kwa wingi, na nilivyokuwa nasoma hasira zangu zilianza kuyeyuka. Wa kwanza aliuliza: "Huu mchezo wa Hodi ni wa mashine gani?" Wa pili akasema ameukagua katika orodha zake zote, haumo. Wa tatu akahisi ulitolewa kwa wachache tu, labda ni adimu sana. Na wa nne, mwenye picha ya paka pembeni ya jina lake, akaandika kwa uhakika wote: "Naukumbuka Hodi! Nilikuwa nao utotoni. Ni ule wa pango na popo. Hatua ya mwisho ilikuwa ngumu mno."

Nilicheka peke yangu mpaka braza akaja kuangalia.

"Vipi sista, umeshinda bahati nasibu?"

Nikamweleza. Naye akacheka mpaka akashika ukuta. "Pango na popo! Kumbe na Wazungu wana fiksi!"

Kisha nikaandika. Sikuwatukana. Niliwaeleza kwamba hodi si gemu. Ni neno ambalo kwetu mtu analisema mlangoni kabla hajaingia, na halina maana yoyote mpaka wa ndani amjibu. Mkaaji akikaa kimya, mgeni anabisha tena, mwisho mara tatu, kisha anaondoka bila kinyongo lakini anaondoka. Nikawaambia aliyebisha ni mama yangu mdogo, mpiga chapa, na kwamba ametengeneza gemu ambayo hakuna orodha yoyote duniani inayo. Mmeandika juu ya mlango kwamba mnaita watu, nikamalizia. Amekuja. Jibu lake ni neno moja: karibu.

Jumamosi iliyofuata nilimvuta mama mdogo kwa mkono. Alisema mara tatu ni mara tatu. Nikamwambia wamemfuata mpaka barabarani, ni aibu kutogeuka.

Nilipofungua ukurasa alisogea taratibu, miwani puani. Karibu. Karibu. Karibu sana, mwingine alikuwa amekwenda kulitafuta hilo "sana" sijui wapi. Mmoja alikosea herufi, likawa "caribou", jina la mnyama wa kwao mwenye mapembe. Walikuwa wengi, ukurasa ulishuka na kushuka, na wengi waliandika kwamba ndiyo mara yao ya kwanza kuandika hapo, walikuwa wanasoma tu miaka yote, ila walioneshwa mlango wakaona haya kumwacha mgeni nje. Mwisho kabisa alikuwepo yule wa paka: "Karibu. Na ule mchezo sikuwahi kuwa nao. Samahani."

Mama mdogo alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kumbe walikuwepo," alisema.

Halafu akavuta kiti, na safari hii vidole vyake havikuishia kugusa kidogo. Nilikuwa sijawahi kumwona anapiga chapa kikazi. Ilikuwa kama mvua ya vuli inayoanza bila wingu. Aliandika Kiswahili chake, mie nikageuza chini yake. Akawaambia kuhusu Rede, kaseti moja, joto, barafu. Wakajibu: kaseti usiitume, itapotea njiani. Andika maagizo ya gemu mstari kwa mstari hapa hapa, nasi tutayaingiza kwenye mashine zetu. Ila fanya haraka, kabla mashine haijakuzimia.

Maagizo yalikuwa ndani ya kaseti, na kaseti ilisomwa na ile mashine tu. Tungeweza kunakili nyumbani kwenye karatasi. Mama mdogo hakutaka kusikia. Alisema mpiga chapa hunakili mara moja, ukinakili mara mbili unazaa makosa. Basi Jumamosi iliyofuata tukaibeba mashine mpaka kafe, imefungwa kwenye kanga kama kichanga, redio kaseti kwapani mwangu, mfuko wa barafu na kile kisahani mkononi.

Tukakuta mechi. Chumba kizima kilikuwa kimegeukia televisheni ya kona, na mbele kabisa mwanamume mwenye jezi iliyopauka anamfundisha refa kazi.

"Kijana," mama mdogo alimwambia braza, "naomba hiyo televisheni."

"Mama! Hawa wataniua."

"Mapumziko tu," alisema. Na akakaa kungoja, mashine mapajani, kama mtu aliye hospitali.

Kipenga cha mapumziko kilipolia tu, tulichomeka. Mluzi ukaanza. Watu walioenda kununua sigara wakarudi mbio. "Imeungua! Zima hiyo!" alipiga kelele mwenye jezi.

"Shii!" mama mdogo alisema, kidole mdomoni. "Inasoma."

Na wanaume wazima wakanyamaza.

Kioo kikajaa mistari. Mie nikasimama mbele ya televisheni nikaisoma kwa sauti, yeye akiwa ameipa kisogo, anachapa kwenye mashine ya kafe bila kutazama vitufe. Mpira sawa na sifuri. Mchanga ongeza moja. Kama mpira sawa na dada, nenda mwisho. Watu wakaanza kuguna. "Dada kapigwa na mpira?" aliuliza mmoja. "Subiri, bwana, si ana chupa," mwingine akamjibu. Barafu ikayeyuka. Herufi zikaanza kutetemeka pembeni.

"Barafu!" niliita.

Aliyekimbia alikuwa mwenye jezi. Alirudi kutoka duka la pili na vimfuko vitano, vyekundu, vya ukwaju na ubuyu, akavipanga juu ya kisahani. Kipindi cha pili kilikuwa kimekwishaanza uwanjani. Hakuna aliyedai televisheni. Mstari wa mwisho nilisoma kioo kikiwa nusu theluji: andika, chupa imejaa. Mama mdogo akabonyeza kitufe cha kutuma, na ukumbi ukashangilia kana kwamba timu zote mbili zimefunga.

Tulipoipumzisha mashine ikapata nguvu kidogo, na kila mmoja akataka kucheza. Mwenye jezi alipigwa na mpira mara ya kwanza kabla hajachota punje. "Kaka, hiyo rede, siyo soka la ndondo!" walimzomea. "Muulize dada yako!" Alipolazimika kumpisha mwenzake alilalamika kuliko alivyomlalamikia refa. Mashine ilizima ikiwa mikononi mwa watu wanaocheka, na haikuwaka tena siku ile wala nyingine. Mama mdogo aliifunga kwenye kanga yake bila huzuni niliyoitarajia. Barafu zilizobaki tukazila njiani.

Jumamosi iliyofuata tulipofika, braza alikuwa ameshafungua ukurasa, anatungoja na tabasamu la mtu aliyeshindwa kutunza siri. Ujumbe ulikuwa wa yule wa paka. Alikuwa ameingiza mistari yote, amecheza siku tatu, amekula mpira hadi ndotoni. Hakuandika Kiingereza hata kidogo. Aliandika maneno mawili, kwa herufi kubwa, kama alivyoyakuta kwenye kioo chake huko kwenye nchi ambayo mchanga wake labda uko chini ya theluji:

CHUPA IMEJAA.

Mama mdogo alipiga kigelegele. Ndani ya kafe, saa nne asubuhi, mbele ya watu wanaoandika barua za kuomba kazi.

Ndipo nikaona kitu kingine chini ya huo ujumbe. Mtu mgeni kabisa, jina ambalo hatukuwahi kuliona, alikuwa ameandika neno moja, na lilikuwa limekaa pale peke yake tangu usiku, bila jibu.

Hodi.

"Sogea, sogea," mama mdogo aliniambia, ananisukuma kwa nyonga kutoka kwenye kiti. "Mtu amesimama nje muda wote huu, nyie mnacheka tu."

Akakaa, akanyoosha vidole, akapiga chapa: "Karibu ndani. Umekula?"